Kila Mtoto Huja na Kazi Yake



Kalenda ya Kanisa imejaa sikukuu za watakatifu. Sikukuu zilizo nyingi huadhimishwa siku ile mtakatifu alipofariki dunia, kwa kuwa Wakristo tangu zamani waliihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwake mbinguni. Lakini ziko siku tatu ambazo Kanisa lote husherehekea kuzaliwa kwa mtu hapa duniani. Tarehe 25 Desemba twaadhimisha kuzaliwa kwake Bwana wetu Yesu Kristo. Tarehe 8 Septemba twaadhimisha kuzaliwa kwa Mama yake, Bikira Maria. Na tarehe 24 Juni ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji.

Kwa nini Yohane amepewa heshima ambayo hata Petro na Paulo hawakupewa? Kanisa hufundisha kwamba alitakaswa angali tumboni mwa mama yake, saa ile Bikira Maria alipoingia nyumbani na kumwamkia Elizabeti, na mtoto akaruka kwa furaha. Basi alipotoka tumboni alikuwa tayari ni rafiki wa Mungu, na tayari ameianza kazi yake, yaani kumtangaza Kristo. Hakuwa amesema neno hata moja, wala macho yake hayakuwa yameiona jua, lakini alikuwa na wajibu.

Twapenda leo kuutazama mlango wa nyumba ile ya Zakaria na Elizabeti. Si kwa ajili ya kusimulia habari ya zamani tu, bali kwa sababu jambo lililotokea pale hutokea katika kila nyumba ya Kikristo mtoto anapozaliwa, nasi mara nyingi hatuna habari.

MAJIRANI NA JINA

Mwinjili Luka atuambia kwamba Zakaria alikuwa kuhani wa zamu ya Abia, mojawapo ya zamu 24 za makuhani waliotumika hekaluni Yerusalemu. Mkewe naye alikuwa wa ukoo wa Haruni. Walikuwa watu wema mbele ya Mungu, lakini hawakujaliwa mtoto, na umri wao ulikuwa umekwisha kwenda mbele. Kura ilipomwangukia Zakaria aingie kufukiza ubani, malaika Gabrieli akamtokea na kumpa habari kwamba mkewe atazaa mwana. Zakaria akasitasita, akataka ishara. Ishara aliyopewa ilikuwa ni kufungwa ulimi hadi siku ambayo mambo hayo yangetimia.

Mtoto akazaliwa. Siku ya nane, ambayo kwa desturi ya Wayahudi ndiyo siku ya tohara na ya kupewa jina, wakakusanyika majirani na jamaa. Hapo yakatokea mabishano ambayo kila msomaji wetu ayajua vizuri. Ukoo ulikuwa umekwisha kuamua jina: mtoto ataitwa Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohane. Jamaa wakashangaa, wakamkumbusha kwamba hakuna mtu katika ukoo wao mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba kwa ishara, kama watu wanaotafuta mwamuzi, naye akaomba kibao, akaandika kwamba jina lake ni Yohane. Mara ulimi wake ukafunguka, na neno lake la kwanza likawa sifa kwa Mungu. Habari ikaenea katika vilima vyote vya Yudea, na watu wakaulizana mioyoni mtoto huyo atakuwa mtu wa namna gani.

Tusiyadharau mabishano hayo juu ya jina. Kwetu pia jina ni jambo zito. Mtoto hupewa jina la babu ili babu asisahauliwe, au jina la mvua kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, au jina la taabu kwa sababu mama yake alimzaa katika taabu. Desturi hizo hazina ubaya wowote, na Sheria ya Kanisa haikatazi majina ya kikwetu. Yadai tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Lakini jamaa za Zakaria walikuwa na wazo moja chini ya neno lao, nalo ndilo tunalotaka kulitazama. Walidhani mtoto amekuja kuuendeleza ukoo tu. Mungu alikuwa amemleta kwa kazi nyingine, ndiyo maana akamletea na jina jingine. Yohane, katika lugha ya Kiebrania, maana yake ni kwamba Mungu amefadhili. Kila mara mama alipomwita mwanawe aje kula, alitangaza bila kukusudia kwamba mtoto huyo ni zawadi.

MAJIBU MAWILI YALIYOPOTOKA

Swali lile la majirani wa Yudea laulizwa hata leo, pengine kwa sauti, pengine kwa moyo. Mtoto huyu atakuwa nani? Na yako majibu mawili ambayo watu wengi hujibu, na yote mawili yamepotoka.

Jibu la kwanza lasema: mtoto ni mali yetu. Baba humtazama mwanawe wa kiume na kuona mrithi wa shamba. Humtazama binti yake na kuhesabu mahari. Wengine hawahesabu ng'ombe, wahesabu vyeti: mtoto atasoma, atapata kazi mjini, atajenga nyumba ya bati, atatutunza uzeeni. Kutamani mema hayo si dhambi, na mtoto apaswa kweli kuwatunza wazazi wake, maana ndiyo Amri ya Nne ya Mungu. Lakini mzazi asemaye kwamba mtoto ni mali yake atatenda kama mwenye mali atendavyo. Atamkataza kijana asiende seminari kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kiume pekee. Atamzuia binti asiende utawani kwa sababu ng'ombe zimekwisha kuahidiwa. Atamkasirikia mtoto aliyeshindwa mtihani kana kwamba amemwibia. Na mtoto asiyeonekana kuwa na faida, huyo atawekwa kando kama jembe lililovunjika mpini.

Jibu la pili lasema: mtoto ni mzigo. Hili latoka katika hofu, na hofu hiyo twaielewa. Vyakula ni ghali, karo na sare zangoja, shamba ni lile lile, na vinywa vyaongezeka. Wako wanaosikia habari za mimba kana kwamba ni habari za msiba. Wako, na tuseme wazi kwa uchungu, wanaomwua mtoto kabla hajazaliwa, na wako vijana wanaomkimbia msichana siku ile anapowaambia kwamba ana mimba. Wazee wetu walikuwa na msemo kwamba kila mtoto huja na sahani yake. Msemo huo ni wa imani, lakini usifanywe kisingizio cha baba mlevi. Kanisa lafundisha kwamba wazazi wapaswa kuwaza na kupanga uzazi wao kwa busara, kwa njia zinazopatana na sheria ya Mungu, wakiyatazama mahitaji ya watoto waliopo na ya wale watakaokuja. Sahani huletwa na Mungu, naam, lakini Mungu aipitisha katika mikono ya baba na mama.

Majibu haya mawili yafanana, ingawa moja ni la tamaa na jingine ni la hofu. Yote mawili humpima mtoto kwa faida na hasara yetu. Hakuna hata moja linalomwuliza Yeye aliyemtuma.

MTOTO NI MJUMBE

Jibu la imani ni tofauti. Mtoto si mali wala si mzigo, bali ni mtu aliyetumwa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto mchanga ndiye mgeni wa namna hiyo. Hakuja kwa safari yake mwenyewe. Mungu aliiumba roho yake, akampa mwili kutoka kwa baba na mama, akamtuma katika nyumba hii na si katika nyingine, mwaka huu na si mwaka mwingine. Kabla mama hajajua kwamba ana mimba, Mungu alikuwa amekwisha kumjua mtoto huyo na kumpenda. Nabii Yeremia aliambiwa jambo hilo hilo juu yake mwenyewe alipoitwa, naye alijiona bado ni kijana asiyeweza kusema.

Basi wazazi ni nani? Ni mawakili. Wakili hukabidhiwa kitu cha thamani, akitunze, akikuze, kisha atoe hesabu. Hawezi kukitumia apendavyo, wala hawezi kukitupa. Na kadiri kitu kilivyo cha thamani, ndivyo hesabu inavyokuwa kali. Mtoto wa siku moja, asiyeweza hata kuinua kichwa chake, ana roho isiyokufa. Milima yetu itasagika na miji yetu itasahauliwa, naye atakuwa bado yupo mbele ya Mungu, ama katika furaha, ama la. Mama anayemnyonyesha usiku wakati watu wote wamelala, amemshika mikononi mtu atakayeishi milele.

TUSIKAWIE KUMBATIZA

Likiwa jambo ndilo hilo, wajibu wa kwanza wa wazazi Wakristo ni kumleta mtoto kwenye maji ya ubatizo. Hapo yafaa tuwasikilize mababu zetu katika imani waliokaa katika bara hili letu la Afrika.

Karibu na mwaka 253, Mtakatifu Sipriano alikuwa Askofu wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia. Askofu mmoja jina lake Fido alimwandikia akisema kwamba mtoto mchanga asibatizwe kabla ya siku ya nane, kama ilivyokuwa desturi ya tohara. Tena alisema kwamba mtoto wa siku mbili tatu bado si safi, hata watu huona vibaya kumbusu busu la amani. Sipriano aliketi katika mkutano na maaskofu wenzake 66, wakamjibu kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyekubaliana na Fido. Walimwambia kwamba rehema ya Mungu isinyimwe mtu yeyote aliyezaliwa, kwamba neema haipimwi kwa umri wala kwa kimo, na kwamba ambusuye mtoto mchanga afikiri kuwa aibusu mikono ya Mungu iliyotoka kumfinyanga sasa hivi. Wakaongeza kwamba watoto wastahili kusaidiwa zaidi, maana tangu wazaliwapo kilio chao ni kama maombi. Hayo ndiyo maneno ya maaskofu wa Afrika, zaidi ya miaka 1700 iliyopita.

Tazama sasa mfano wa kinyume. Mtakatifu Augustino, naye Mwafrika, alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mama yake Monika alikuwa Mkristo mwenye bidii. Mtoto alitiwa alama ya msalaba na kupewa chumvi iliyobarikiwa kama wakatekumeni wa wakati ule, lakini hakubatizwa. Alipougua sana utotoni, mama alifanya haraka ya kumtayarishia ubatizo. Mtoto akapona, na jambo likaahirishwa tena, kwa kuwa watu wengi siku zile walidhani ni afadhali kungoja ujana na dhambi zake zipite kwanza. Augustino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32, baada ya upotevu mwingi na machozi mengi ya mama yake. Baadaye, alipoandika habari za maisha yake, alihoji ni kwa faida gani ubatizo wake ulicheleweshwa.

Siku hizi sisi twachelewesha kwa sababu nyingine. Hatungoji ujana upite, twangoja fedha za karamu. Mtoto akaa miezi sita, mwaka, miaka miwili, kwa sababu baba hajapata mbuzi, au nguo za sare za jamaa hazijashonwa, au mjomba aliye mbali hajapata likizo. Sheria ya Kanisa yawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza. Haisemi habari ya pilau. Furaha ya karamu ni njema, na majirani wa Elizabeti nao walifurahi pamoja naye. Lakini karamu imfuate mtoto, mtoto asiingoje karamu. Mwenye chai na maandazi ya kuwapa wageni amekwisha kutosheleza, na asiye na hata hayo awaombe jirani zake wa Jumuiya waje kusali tu.

Na ikiwa mtoto yu katika hatari ya kufa, asingojwe hata padri. Kila Mkristo ajue kwamba wakati wa dharura mtu yeyote aweza kubatiza: mkunga, muuguzi, bibi, hata mtu asiyebatizwa, akiwa na nia ya kutenda litendwalo na Kanisa. Humwagia mtoto maji kichwani huku akitamka kwamba ambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kisha paroko aarifiwe. Yafaa jambo hili lifundishwe katika kila kigango, maana usiku wa masika, mto ukiwa umejaa, parokia ni mbali.

NI NANI HUYU ALIYEBATIZWA?

Mtu akitaka kujua mtoto atakuwa nani, na aitazame ibada yenyewe ya ubatizo kwa makini. Mlangoni padri huwauliza wazazi jina la mtoto, kisha humwandika msalaba katika paji la uso, na wazazi na wasimamizi nao humwandika. Maana yake mtoto huyu ni wa Kristo. Hupakwa mafuta ya wakatekumeni, kama mpiganaji anayetayarishwa kwa vita, maana yuko adui atakayemwinda. Humwagiwa maji, dhambi ya asili ikaondolewa, naye akazaliwa mara ya pili kuwa mwana wa Mungu na ndugu yetu. Hupakwa Krisma takatifu utosini, kwa kuwa ameunganishwa na Kristo aliye Kuhani, Nabii na Mfalme. Huvikwa vazi jeupe. Mwishoni baba au msimamizi huwasha mshumaa kutoka mshumaa wa Pasaka, na wazazi huambiwa wautunze mwanga huo.

Je, mwajua jambo hilo ni kubwa namna gani? Mtoto wa mkulima wa mihogo amepakwa mafuta kama wafalme wa Israeli walivyopakwa. Atakapokua aweza kuwa fundi cherehani, au dereva, au mama wa nyumbani, na watu wakubwa wasimjue jina. Lakini ni kuhani, maana aweza kumtolea Mungu kazi ya mikono yake kuwa sadaka. Ni nabii, maana aweza kuusema ukweli mahali ambapo uongo una malipo. Ni mfalme, maana aweza kuzitawala tamaa zake, akawatumikia wanyonge. Hakuna mtoto wa Kikristo anayezaliwa bila kazi.

WATOTO WASIOPIGIWA VIGELEGELE

Lakini imani hii hupimwa mahali pagumu. Ni rahisi kumwita mtoto mjumbe wa Mungu akiwa mzima, mnene, na wa kiume. Je, akizaliwa na miguu iliyopinda? Je, akichelewa kusema na kutembea? Je, akiwa na ualbino?

Twakumbuka kwa aibu kwamba katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino katika nchi yetu, watoto wakiwa miongoni mwao, waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina wa kutafuta utajiri. Waliofanya hayo walikuwa wamejibu swali letu kwa jibu lile la kwanza hadi mwisho wake: mtoto ni mali. Na wale wanaomficha mtoto mlemavu chumba cha nyuma wageni wanapokuja, wamejibu kwa jibu la pili: mtoto ni mzigo. Mbatizwa hana ruhusa ya kujibu hivyo. Mtoto asiyeweza kutembea naye ametumwa. Pengine kazi yake ni kutufundisha sisi kupenda bila kulipwa, kazi ambayo wenye nguvu hawaiwezi.

Yuko pia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Watu humwita majina tusiyopenda kuyaandika hapa. Kosa, kama lipo, ni la wakubwa, na wakubwa na watubu. Mtoto hakukosa lolote. Sheria ya Kanisa yadai mzazi mmoja angalau akubali, na yawepo matumaini ya kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Haimlazimishi mtoto alipe deni la baba aliyekimbia. Tarehe 12 Januari 2014, Baba Mtakatifu Fransisko aliwabatiza watoto katika Kikanisa cha Sisto huko Vatikano, na mmoja wao alikuwa mtoto wa wazazi ambao hawakuwa wamefunga ndoa ya Kanisa. Msichana ajaye kanisani na mtoto wake mgongoni, peke yake, huku macho ya watu yakimtazama, amefanya jambo la ushujaa: angeweza kumwua, naye amemzaa. Apokewe na Jumuiya yake kama jirani za Elizabeti walivyompokea Elizabeti. Na wazee wampatie wasimamizi walio imara, ili matumaini yale ambayo Sheria yayadai yawe kweli.

Tena wako wazazi ambao mtoto wao alikufa kabla ya kubatizwa, pengine kabla ya kuzaliwa. Kwao twaongea kwa sauti ya chini, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wengine waliambiwa maneno makali, nao wameyachukua moyoni miaka mingi kama jiwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba Kanisa huwaweka watoto hao katika huruma ya Mungu, ambaye ataka watu wote waokoke, na kwamba huruma ya Yesu kwa watoto yatupa kutumaini kuwa iko njia ya wokovu kwao. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Baba Mtakatifu Benedikto XVI, ilieleza kwa urefu kwamba yako matumaini yenye msingi. Si ruhusa ya kuchelewesha ubatizo, la hasha. Ni faraja kwa mama aliyezika. Aliyemtuma mtoto huyo hakumsahau njiani.

KAZI YA NYUMBANI

Baada ya siku ya nane Injili yatuambia kidogo sana juu ya Yohane. Alikua, akaongezeka nguvu rohoni, akakaa jangwani mpaka siku ya kutokea kwake kwa Israeli. Katika mstari huo mmoja imo miaka mingi ya kazi ya wazazi wawili wazee. Ni nani aliyemfundisha Yohane Zaburi? Ni nani aliyemsimulia habari za Ibrahimu na za Eliya? Hakuna shaka mafundisho hayo yalianza nyumbani.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani, na mwaka 1965 ukasema tena kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Katekista atasaidia, mwalimu atasaidia, lakini hawawezi kuanza mahali ambapo nyumba haikuanza. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mtoto aliyebebwa mgongoni huona mama anakwenda wapi: kanisani, kisimani, kwa mgonjwa, au kwenye masengenyo. Kabla hajajua kusema, amekwisha kujifunza njia. Mkono wake mdogo ushikwe na uongozwe kufanya ishara ya msalaba. Asikie jina la Yesu likitajwa kwa heshima, si kwa kiapo cha hasira tu. Amwone baba yake amepiga magoti, maana mtoto akimwona mtu mwenye nguvu kuliko wote awajuao anapiga magoti, atajua bila hotuba kwamba yuko Mmoja aliye mkubwa zaidi.

Na wasimamizi wa ubatizo wachaguliwe kwa imani yao, si kwa mifuko yao. Sheria yataka awe amepata Kipaimara na Ekaristi Takatifu, aishi maisha yanayopatana na imani, na kwa kawaida awe ametimiza miaka 16. Haisemi awe na gari. Msimamizi anayeleta zawadi kubwa siku moja, kisha haonekani tena, amemdhulumu mtoto.

Wala tusidhani kwamba twaweza kuuona mwisho wa kazi hiyo. Mwaka 1912 alizaliwa mtoto katika nchi ya Bukoba, kwa wazazi ambao walikuwa hawajabatizwa bado. Ni nani, akimtazama mtoto yule, angesema kwamba mwaka 1960 Baba Mtakatifu Yohane XXIII angemteua kuwa Kardinali, Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho nyakati zetu? Huyo ndiye Laurean Rugambwa. Lakini hatumtaji ili kila mama aote kofia nyekundu. Twamtaja ili tujue kwamba Mungu hapeleki taarifa kwa wazazi mapema. Wao hupewa mtoto, ile kazi hufunuliwa baadaye.

MWISHO WA YOHANE

Hatimaye yafaa tukumbuke Yohane yule alikwenda kuishia wapi. Hakujenga nyumba. Hakuwatunza wazazi wake uzeeni kwa mali. Alikaa jangwani, akavaa singa za ngamia, akawaita watu watubu, akamwonyesha Mwanakondoo wa Mungu, kisha akafungwa na Herode na kukatwa kichwa kwa sababu alisema kweli juu ya ndoa. Kanisa hukumbuka kifo chake tarehe 29 Agosti. Mtu anayepima kwa faida atasema mtoto yule alipotea bure. Bwana wetu alisema kwamba kati ya watu wote waliozaliwa na wanawake hakuna aliye mkubwa kuliko yeye.

Mtakatifu Augustino alipokuwa askofu aliwaonyesha Wakristo wake kwamba, katika nchi zao za kaskazini, tangu siku ya kuzaliwa kwa Yohane mchana huanza kupungua, na tangu Noeli huanza kuongezeka, kama vile Yohane mwenyewe alivyotaka apungue ili Kristo azidi. Kwetu tulio kusini mwa ikweta jua huenda kinyume, lakini fundisho ni lile lile. Mtoto hakuzaliwa ili jina la baba likue, wala jina lake mwenyewe. Amezaliwa ili Kristo aonekane.

Basi, baba na mama, jioni ya leo mtakapomlaza mtoto wenu, mwandikeni msalaba katika paji la uso, kama siku ile mlangoni mwa kanisa. Kama bado hajabatizwa, msilale bila kupanga siku ya kumwona paroko au katekista wenu. Na kama mna jirani ambaye mtoto wake hakupigiwa vigelegele, nendeni mkampongeze, hata kama mmechelewa. Zakaria alikaa bubu miezi mingi kwa sababu hakusadiki. Ulimi wake ulifunguka siku alipokubali kwamba mtoto ni wa Mungu na jina lake ni zawadi. Sisi tunao ulimi tangu sasa. Tuutumie kumshukuru Mungu kwa kila mtoto anayetuletea, na kumwomba atupe akili ya kuwalea hata waijue kazi yao na kuitimiza.